UZI: Marafiki wamegoma kuingia PUBG (gemu ya kupigana risasi kwenye simu). Nimejifunza kucheza kikosi na watu nisiowajua, karibuni tujadili

Spea Msamvu (mleta uzi)

Wakuu, salaam. Huu uzi nimeuandika vipande vipande dukani tangu juzi. Wateja wakipungua naandika, wakija naacha. Ni mrefu, mnivumilie.

Mwaka 2019 tulikuwa wanne. Tukishatoka kazini tunakaa kwenye kibaraza cha nyumba moja hapa Morogoro, mmoja ana simu nzuri, wawili wana za kawaida, yangu ilikuwa na ufa kona ya juu kulia, palepale panapokaa ramani. Tulikuwa tunashuka Pochinki, mji mmoja wa kwenye ramani ya gemu, kila mechi hata tukijua tutakufa dakika ya pili. Maiki hatukuwa na haja nayo maana tulikuwa tunagusana mabega. "Yuko juu ya paa! Siyo hilo, lile jekundu!" Mama mwenye nyumba alikuwa anatoka kuuliza nani kapigwa.

Hao watatu leo wapo, wazima wa afya, tunasalimiana kila siku. Ila hawachezi tena. Mmoja kaoa na ana mapacha. Mmoja yuko kwenye bodaboda, simu yake ndiyo ofisi, chaji hawezi kuimalizia kwenye gemu kisha akose abiria. Wa tatu kasema wazi kwamba risasi zimemchosha, yeye anapenda kibanda cha PS (PlayStation), gemu ya mpira, mechi shilingi 500 na aliyefungwa ndiye anayelipa.

Kwa karibu mwaka mzima niliwasumbua. Kila saa mbili usiku naandika kwenye kundi letu la WhatsApp: "Leo vipi, tunaingia?" Tiki mbili za buluu, kimya. Kuna siku nilimnunulia bando yule mwenye mapacha ili asiwe na sababu. Akaingia, akacheza mechi mbili, katikati ya ile ya tatu watoto wakaamka, akaweka simu chini. Tukafa kwa sababu yake. Nikamwandikia maneno ambayo hadi leo nikiyakumbuka yananiuma. Wiki nzima hatukusalimiana. Mtu niliyesoma naye tangu darasa la pili, aliyekaa na mimi hospitali siku tatu baba alipolazwa, nimemnunia kwa sababu ya mechi ya nusu saa.

Ndiyo maana nimeleta uzi huu. Humu kila mwezi kuna mtu anauliza afanyeje marafiki zake wakubali kucheza. Jibu langu ni kwamba uwaache. Aliyekataa gemu hajakukataa wewe. Muda wake umehama, au simu yake haibebi, au mkono wake hauipendi ile kazi. Ukiendelea kumwomba, kila akiona jina lako kwenye skrini atajua kuna deni linadaiwa.

Sasa linabaki swali la pili, na hilo ndilo gumu: hizi gemu zimetengenezwa kwa kikosi, utacheza na nani?

PUBG Mobile (mimi niko humo tangu mwaka ilipotoka, 2018) mechi ya kawaida ni watu 100, vikosi vya wanne wanne. Ukiwa mwenyewe una njia tatu. Unaweza kucheza solo, kila mtu na roho yake. Unaweza kuzima ile sehemu ya kujaziwa wenzako ukaingia mmoja dhidi ya vikosi kamili. Au unaiacha, mfumo unakuletea watu watatu usiowajua kutoka popote.

Solo nilicheza kama mwezi hivi. Ni gemu nyingine kabisa. Ukiangushwa umekwisha, hakuna wa kukunyanyua. Nikagundua kitu nilichokipenda humu hakikuwa kuua. Nilipenda zile sekunde kumi umepiga magoti juu ya mwenzako aliyeanguka, huwezi kupiga risasi, huwezi kusogea, unasikia nyayo upande wa pili wa ukuta na hesabu inapungua polepole. Hiyo haipo kwenye solo. Njia ya pili ni mazoezi mazuri ya mkono ila nayo haina hicho kitu. Nikabaki na watu nisiowajua.

Miezi ya mwanzo ilikuwa mibaya. Kila mmoja anashuka kwake. Mwenye gari anaondoka peke yake. Nikadhani tatizo ni watu. Baadaye nikaona nusu ya tatizo ilikuwa ni kazi niliyoichagua.

Nieleze. Kutoka huku unachagua seva ya Ulaya au ya Mashariki ya Kati. Vyovyote vile, pingi yangu (milisekunde za ujumbe kwenda seva na kurudi) ni kama 150, siku mbaya inafika 200. Huo si uzembe wa mtu. Mwanga ndani ya waya wa fiba unakwenda kama kilomita 200,000 kwa sekunde, kwa hiyo waya wa kilomita 10,000 peke yake unakula milisekunde 50 kwenda na 50 kurudi, bado hujaweka mnara wako na foleni za njiani. Maana yake tukikutana mlangoni mimi na mtu wa pingi 40, tukafyatua pamoja, yake inafika kwanza. Nilikuwa nataka kuwa wa mbele, yule anayevunja mlango, kama zama za kibarazani. Kibarazani kulikuwa na macho manane yanatazama na mtu anakuambia "subiri" sikioni. Kwa watu nisiowajua, na pingi ile, wa mbele nilikuwa naanguka wa kwanza na hakuna anayejua nimeangukia wapi.

Nikabadili kazi. Nikawa wa moshi na gari.

Nikishuka tu, kabla sijatafuta bunduki ya pili natafuta mabomu ya moshi. Nabeba manne, matano. Natafuta gari, nalileta karibu na nyumba waliyomo wenzangu, naligeuza pua kuelekea zoni (lile duara salama linalozidi kupungua), nashuka. Sisemi kitu. Wakiona gari limekaa wanapanda. Kwenye mapigano nabaki nyuma na bunduki ya darubini, macho yangu yako kwenye zile alama za majina yao. Mtu akianguka ndipo kazi yangu inaanza.

Na moshi una namna yake, maana naona watu wengi wanautupa vibaya. Usitupe mmoja. Wa kwanza mtupie alipolala, wa pili uutupe katikati yake na yule aliyempiga. Moshi mmoja peke yake unamwonyesha adui pa kumwaga risasi. Halafu usikimbie saa hiyohiyo, moshi unachukua sekunde kadhaa kushiba. Mimi nahesabu hadi nne. Naingia kwa kuinama, nazunguka nikae upande wa mbali na adui, ndipo nabonyeza.

Tangu hapo watu nisiowajua wakabadilika. Au niseme walikuwa hivyohivyo, ila sasa kazi yangu haikuhitaji wanisikilize. Aliyenyanyuliwa mara moja hakimbii tena na gari peke yake. Si wote, ila wengi.

Niwape kisa kimoja kisha niwaachie. Ramani ya Erangel, karibu na mji wa Rozhok, kwenye lile shamba la ngano upande wa barabara. Wenzangu wawili wameshakufa, wa tatu kaangushwa katikati ya shamba. Alikuwa anaongea Kiarabu tangu mwanzo, mimi simwelewi. Nikatupa miwili, nikahesabu, nikaingia. Sekunde ya saba au ya nane hivi maiki yake ikabaki wazi, nikasikia sauti ya mwanamke kwa mbali, na yeye akajibu kwa kelele: "N'nakuja mama! Dakika kumi tu, wallahi!"

Wakuu, mkono ulinitetemeka. Nikafungua maiki, nikasema: "Mpe mama shikamoo yangu."

Kimya. Kisha: "We! We Mswahili?"

Yuko Seeb, Oman. Bibi yake mzaa mama ametoka Unguja, nyumbani kwao wanaongea Kiswahili, nje Kiarabu. Hatukushinda ile mechi, tulikufa wa sita. Tulibaki lobi, pale pa kusubiria mechi, tunaongea hadi bando langu likakata. Tangu siku ile tunacheza kila Alhamisi usiku, maana kwao wikendi ni Ijumaa na Jumamosi. Yeye yuko saa moja mbele yangu.

Karibuni. Nani mwingine marafiki zake wamegoma, na umefanyaje?

---

Kahawa Chungu

Mkuu Spea, uzi mzuri, lakini wewe umebahatika. Mimi niko Nairobi, nachezea kompyuta, na watu nisiowajua wamenionyesha mengi. Nimeshapigwa risasi na mtu wa kikosi changu kwa sababu nilitangulia kuchukua bunduki aliyoitaka. Kwa hiyo sitakubali kwamba ni suala la kuchagua kazi tu. Gemu nayo ina lawama.

Kuna gemu zinazowafunga watu wasiojuana wafanye kazi pamoja, na kuna zinazowaachia. Overwatch, kwa mfano. Zamani watu sita walikuwa wanaingia, watano wote wanataka kuua, hakuna wa kutibu. Mwaka 2019 wakaweka utaratibu kwamba unapanga foleni kwa kazi yako kabla ya kuingia: wa kukinga, wa kushambulia, wa kutibu. Overwatch 2 ilipokuja 2022 kikosi kikawa watano, mkingaji mmoja, washambuliaji wawili, watibu wawili. Ukiingia mwenyewe kama mtibu, kazi yako inajulikana na foleni mara nyingi ni fupi kwa sababu wengi wanakimbilia kushambulia. Hata mkitukanana, damu zao zinapungua na wewe ndiye mwenye dawa.

Ya pili ni Apex Legends, ilitoka Februari 2019, vikosi vya watatu. Ile ilinishangaza. Kitufe kimoja tu: ukikielekeza kwenye bunduki kinatangaza bunduki, kwenye mlango kinatangaza kwamba kuna mtu amepita, kwenye kilima kinasema twende kule. Mwenzako anaweza kujibu kwamba hiyo naichukua mimi. Nimecheza mechi nzima na watu ambao sijui hata wanatoka bara gani, tukashinda, hakuna aliyetamka neno.

Na kama umechoka kabisa kupigana na watu wengine, kuna Deep Rock Galactic. Ni wachimba madini wanne wafupi wenye ndevu, adui ni wadudu tu, hakuna kikosi cha upande wa pili. Kuna kitufe ambacho kazi yake ni kupiga kelele za kusalimiana na kushangilia. Nilidhani ni upuuzi. Siku ya kwanza nimeingia, sijui kitu, watatu wote wakanizunguka wakakibonyeza kwa pamoja, kisha mmoja akaanza kunimulikia njia. Mimi nilikuwa nimehama mji mwezi ule, simjui mtu. Hiyo siwezi kuisahau.

---

Nyota ya Jaha

Naomba niongee kitu ambacho wanaume humu hamkigusi.

Mimi ni mwanamke. Kaka Spea umesema ulifungua maiki ukasema shikamoo ukapata rafiki. Mimi nilifungua maiki mara moja. Nilisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Wawili nyumba ya kijani, ghorofa ya juu." Ilikuwa taarifa sahihi, walikuwepo kweli. Hakuna aliyekwenda nyumba ya kijani. Mmoja akauliza una miaka mingapi, mwingine akasema nipe namba, wa tatu akaanza kucheka na kunifuatafuata kila ninapokwenda. Nilipoangushwa wakaja wote watatu, wakasimama juu yangu, wakasema omba. Sikuomba. Nikafunga gemu.

Miaka miwili sasa sijafungua maiki. Marafiki zangu wa kike hawachezi, wanasema ni mambo ya vijana wa vijiweni. Kaka yangu alikuwa anacheza na mimi, ameenda masomoni. Kwa hiyo mimi sikuchagua kucheza na nisiowajua, ndio peke yao waliobaki, na natumia jina lisilojulikana ni la nani.

Nacheza kwa alama tu. Nimekuwa hodari sana wa alama. Naweka alama alipo adui, naweka alama ninapotaka twende, nikiona kuna risasi za ziada naziweka chini mbele ya mtu na kuruka mara mbili hadi aelewe. Mara nyingi wanaelewa.

Swali langu ni hili, na naliuliza kwa dhati: mtu asiyeweza kuongea anapataje kikosi cha kudumu? Maana kila usiku naanza upya na watu wapya, na hiyo ndiyo inayochosha. Kufa hakunichoshi hata kidogo.

---

Bando la Jioni

Mkuu, hizi gemu si zinamaliza bando? Marafiki zangu wanasema ndiyo sababu wanakataa. Na simu inajaa.

---

Spea Msamvu (mleta uzi)

Bando la Jioni, mechi yenyewe haili sana. Kinachokula ni masasisho na ramani za kupakua. Mimi hayo nayafanya kwenye Wi-Fi ya jirani kwa makubaliano, namwangalizia duka lake akienda msikitini. Nafasi ya simu ndiyo kweli, inataka GB kadhaa na simu ya GB 32 inalia. Ramani usizozicheza zifute, mimi nimebakiza Erangel na Livik.

Na kwa wale wenye marafiki wasio na muda, jaribuni Livik. Ilikuja 2020, ni kilomita 2 kwa 2, wachezaji 52, mechi kama robo saa. Erangel ni kilomita 8 kwa 8, inaweza kwenda nusu saa. Mtu mwenye mapacha hawezi kukupa nusu saa. Robo saa, labda, akipenda mwenyewe. Mimi siombi tena.

Sasa dada Nyota ya Jaha. Nimesoma uliyoandika mara tatu. Nimemsomea na mke wangu. Sikuwahi kulifikiria, na nilipaswa kulifikiria, kwa sababu mimi kufungua maiki ni kitu cha bure kwangu. Kwako kina gharama. Pole sana, na ahsante kwa kusema.

Nikujibu kwa ninachokijua. Huyu wa Seeb nilimpata kwa sauti, lakini wengine wawili tunaocheza nao sijawahi kuwasikia hadi leo. Mmoja jina lake limeandikwa kwa herufi nisizoweza kuzisoma. Niliwapata hivi.

Mechi ikiisha, kwenye ile skrini ya matokeo, kila mtu anaangalia nani kaua wangapi. Mimi siangalii hapo. Nakumbuka mambo matatu tu. Je, alirudi? Maana yake, nilipoanguka alijaribu kuja hata kama alikufa njiani. Je, aligawa? Aliweka risasi au dawa chini bila kuombwa. Je, alisubiri? Gari lilipowaka, alingoja hadi wa mwisho apande. Mtu akiwa na mawili kati ya hayo namtumia ombi la urafiki palepale, kabla hajatoka, maana akishatoka hukumbuki jina lake. Mtu kwa sababu tu ameua watu kumi na tano sijawahi kumtumia ombi. Wauaji wakubwa wako vizuri, ila kesho yake hawakukumbuki.

Akikubali, usimwandikie mengi. Kesho yake saa ileile mwalike. Asipokuja, mwalike tena mara moja tu, basi. Akija, chezeni mechi tatu kisha uage. Ukicheza kila siku unaweza kupata mtu wa aina hii mmoja kwa wiki, ila si wote wanaobaki, mimi ilinichukua kama miezi mitano kupata wawili wa kudumu. Si haraka. Lakini wakishafika wawili, na wewe, pengo linabaki la mtu mmoja tu, na mtu mmoja mbaya hawezi kuharibu kikosi cha watatu wanaojuana.

Kuhusu waliosimama juu yako, taarifu. Ile sehemu ya kuripoti baada ya mechi wengi wanadhani ni pambo, mimi naitumia kila mara. Alama za tabia za mtu zinaanzia 100 na zinashuka.

---

Kahawa Chungu

Naongezea kwa dada. Mimi siku hizi kabla mechi haijaanza nazima sauti za wote, kisha nawafungulia mmoja mmoja wakionyesha wana akili. Zamani nilikuwa nafanya kinyume, nasubiri watukane ndipo nizime. Tofauti ni kubwa. Ukisubiri, lile tusi la kwanza limeshaingia na utalibeba hadi ulale.

Na mkuu Spea, nakubali sehemu. Hilo la kurudi, kugawa na kusubiri nimelipenda. Ila bado nasema gemu isiyokuruhusu kuonyesha hayo matatu haifai kuchezwa mwenyewe. Kuna gemu za kikosi ambazo kila mtu anakimbia huku na huku, mechi dakika kumi, hakuna wa kurudi wala wa kusubiri. Huko unaweza kucheza miaka usimjue mtu.

---

Zamu ya Usiku

Wadau, mimi niko Minnesota, kazi yangu ni ya kutunza wazee, natoka saa tano usiku. Kwetu ni Eldoret. Sichezi risasi, nacheza Rocket League, magari yanayocheza mpira, watatu kwa watatu, mechi dakika tano. Tangu Septemba 2020 ni bure, na haijali una PlayStation au Xbox au kompyuta, mnacheza pamoja tu.

Binamu zangu wawili wanayo. Tulikuwa tunacheza sebuleni kwa shangazi, tunapokezana. Sasa nikifika nyumbani saa tano na nusu usiku, kwao ni saa mbili na nusu asubuhi, wameshaenda kazini. Miezi ya joto ni saa moja na nusu, wako kwenye matatu. Siku yangu ya mapumziko ni Jumanne. Yao Jumapili, na Jumapili mimi niko kazini. Hawajanikatalia hata siku moja, kaka Spea. Saa ndiyo imetukatalia.

Kwa hiyo nacheza na nisiowajua. Humo hata kuandika si lazima, kuna maneno mafupi tayari kwenye vitufe: umeokoa vizuri, pole, ahsante, nafasi ni yako. Baada ya muda nikaona majina yaleyale saa ileile. Nikaelewa kwamba wanaocheza saa sita usiku siku ya kazi ni watu kama mimi, wa zamu. Mmoja ni dereva wa lori, mmoja yuko ghala la mizigo. Hatuzungumzi maisha. Mmoja akikosa kuingia wiki moja, wa pili anaandika tu: "Yuko wapi?" Na mimi nakuwa na wasiwasi kweli, kwa mtu ambaye sijui sura yake.

Kwa ajili ya binamu zangu bado natumia gari la kijani humo ndani. Ndilo walilokuwa wananipa nikiwa mdogo. Silibadilishi.

---

Bando la Jioni

Nimeielewa hiyo ya Livik. Lakini mkuu, sasa na wale marafiki wa kibarazani imekuwaje? Mmeachana?

---

Spea Msamvu (mleta uzi)

Zamu ya Usiku, umenifikisha mbali. Mungu akulinde huko.

Bando la Jioni, hatujaachana. Mnakumbuka ile Jumapili, Mei 12 mwaka 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika upande wa Afrika Kusini na intaneti ikalala nchi nyingi za huku? Mimi nilikuwa nimeshapanga jioni yangu. Nimefungua simu, pingi inasoma 900, mara inakatika kabisa. Nikaweka simu mfukoni, nikatoka. Miguu ikanipeleka kibanda cha PS.

Yule wa tatu alikuwepo. Hakuniuliza nimefuata nini. Akasogea kwenye benchi, akanipa pedi. Sikuwa nimecheza mpira ule miaka, akanifunga nne. Nikalipa 500. Akanifunga tena tatu. Nikalipa. Baadaye akaja wa bodaboda kununua vocha hapo jirani, akatuona, akazima pikipiki. Tukakaa hadi saa nne.

Ndipo yule wa tatu akaniuliza, "Yule Mwarabu wako anayeongea kama mtu wa Unguja, hajambo?" Nilishangaa kwamba anamjua. Kumbe nilikuwa namtaja taja. Nikamweleza habari zake, kwamba mama yake sasa ananisalimia kwenye maiki, kwamba anataka kuja kumwona ndugu wa bibi yake. Akasikiliza kwa makini. Akasema akija mlete hapa, tumfunge.

Sasa kila Jumapili naenda kibandani. Silazimishi risasi kule wala mpira huku. Yule wa mapacha hafiki kibandani, kwake naenda mimi, nabeba mtoto mmoja yeye anabeba wa pili. Nilimwomba radhi kwa yale maneno. Alikuwa ameshayasahau, mimi sikuwa nimesahau.

Dada Nyota ya Jaha, nilikuwa nasubiri nimalize kumjibu huyu nirudi kwako. Nimeongea na wa Seeb jana. Alhamisi wa nne wetu yuko safarini, nafasi ipo. Kama utapenda, si lazima. Hatutakuuliza jina wala umri. Yeye amesema atazima maiki yake pia ili usiwe peke yako uliye kimya, na mimi nitazima. Tutacheza kwa alama wote. Nakutumia kitambulisho cha mchezo kwenye ujumbe wa pembeni, sitakiweka hapa.

---

Nyota ya Jaha

Nimekipata. Saa ngapi?

---

Spea Msamvu (mleta uzi)

Saa tatu kwetu, saa nne kwake. Livik kwanza, tuzoeane, kisha Erangel.

---

Nyota ya Jaha

Nitakuwepo. Nitabeba moshi na mimi, msiutafute.

---

Spea Msamvu (mleta uzi)

Basi mimi nitabaki na gari. Wewe weka alama ya pa kushukia, tutafuata.